Kurekebisha pedeli za gari la gia za mkono kwa dereva aliyeumia mguu

Mkulima mmoja wa viazi kutoka Isyonje aliniletea pikapu yake gereji, hapa Mbeya mjini, ikiwa na kipande cha ubao kilichofungwa kwa mpira wa tyubu juu ya pedeli ya klachi. Alikuwa amevunjika paja la kushoto katika ajali ya bodaboda, akawekewa vyuma, mfupa ukaunga vizuri, lakini goti likabaki linakunja nusu tu na kifundo cha mguu kikawa kigumu. Ubao ule ulimwezesha kuifikia klachi huku kiti kikiwa nyuma kabisa, na kwa wiki tatu ulifanya kazi, hadi siku alipokuwa akishuka na magunia kuelekea Uyole, mpira ukateleza, ubao ukageuka na kunasa nyuma ya pedeli ya breki. Alilisimamisha gari kwa kurudisha gia, kuvuta breki ya mkono na kuegemea tuta la udongo. Aliposhuka aliona tu kwamba ubao haukufungwa vizuri, na ombi lake kwangu lilikuwa niufunge kwa waya.

Sikuufunga. Kosa la ubao ule halikuwa mpira peke yake, bali mpangilio mzima wa kazi: alianza na pedeli kabla ya kuupima mguu, kabla ya kugusa kiti, na kabla ya kujua kama klachi yenyewe ilikuwa nzima. Maelezo yafuatayo yanafuata mpangilio ninaoutumia mimi, na ninaomba usirukwe, kwa sababu mara nyingi dereva hugundua njiani kwamba pedeli yake haihitaji kuguswa kabisa.

Kuupima mguu

Kwanza daktari aliyekutibu aseme kwamba mfupa umeunga na kwamba mguu unaruhusiwa kubeba uzito wote. Mguu ulio ndani ya hogo hauendeshi gari, hata kama vidole vinatikisika na hata kama safari ni fupi ya hapa hapa mjini, kutoka Soweto hadi Mwanjelwa. Ukishapata ruhusa hiyo, jiulize ni mguu upi ulioumia, kwa maana miguu hii miwili haina kazi sawa. Wa kushoto una klachi peke yake, na ukichelewa, gari litazima au gia itakataa kuingia. Wa kulia una mafuta na breki, na huo ukichelewa, anayelipa ni mtu anayevuka barabara.

Kipimo ninachokitumia ni mizani ya kawaida ya kupimia uzito wa mwili. Kaa kwenye kiti kifupi ambacho mgongo wake umezuiwa na ukuta au na mtu, mwombe mwingine aisimamishe mizani kwenye ukuta wa mbele yako, kisha uisukume kwa mguu kama unavyokanyaga pedeli. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H, inayohusu breki za magari madogo ya abiria, inataka gari lisimame inavyotakiwa bila mguu kuzidisha nyutoni 500, ambazo ni kama uzito wa kilo 50. Kwa hiyo mguu wa kulia ninautaka ufikishe kilo 50 kwa mkupuo mmoja, kutoka mahali unapokanyagia mafuta, mara kumi mfululizo, bila maumivu yanayoufanya usite. Kwa mguu wa kushoto huhitaji nguvu hiyo, kwani klachi nyingi za magari madogo hutaka kati ya kilo 8 na 15, lakini unahitaji uvumilivu, kwa hiyo nautaka uweze kusukuma mara mbili ya uzito wa klachi ya gari husika na kurudia kwa dakika kadhaa. Hivi ni vipimo vyangu vya gereji, na haviondoi neno la daktari.

Angalia pia pembe, na si nguvu tu. Goti linakunja kiasi gani? Kifundo kinapinda kwenda mbele na nyuma, au mguu umekuwa kipande kimoja? Unyayo unahisi? Mwenye mguu wa bandia chini ya goti, au aliyeumia mishipa ya fahamu, anaweza kuwa na nguvu ya kutosha kabisa na bado asijue kama ameigusa pedeli au ameukanyaga mkeka.

Majibu hayo ndiyo yanayoamua kila kitu kinachofuata. Kuongeza kimo cha pedeli hutibu umbali na pembe; udhaifu hakuutibu. Mguu wa kulia usiofikisha nguvu ya breki haupati dawa yoyote katika gari la gia za mkono, kwa sababu wa kushoto tayari una klachi na hauwezi kuongezewa mafuta na breki. Mtu wa namna hiyo ahamie kwenye gari la otomatiki, ambako pedeli ya mafuta inaweza kuwekwa upande wa kushoto wa breki kwa kifaa maalumu kinachokunjwa pale dereva mwingine anapoliendesha gari hilo. Nalisema hili mapema ili mtu asitumie fedha zake kwanza.

Jambo la milimani

Kuna jambo ambalo madereva wanaohamia huku kutoka Dar es Salaam huliona bila kulielewa. Busta ya breki, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu, hufanya kazi kwa tofauti kati ya hewa ya nje na utupu unaotengenezwa na injini, na hewa ya nje hupungua kadiri unavyopanda. Pwani kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake, ni kama kilopaskali 101. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni kama 82, na ukifika Kitulo, juu ya mita 2,600, inashuka hadi karibu 74. Maana yake ni kwamba busta inapoteza karibu moja ya tano ya msaada wake mjini, na zaidi ya robo kule juu, na pengo hilo linajazwa na mguu wako. Mwenye miguu mizima hahisi. Mwenye vyuma kwenye paja anahisi, hasa asubuhi za mwezi wa Juni na Julai ambapo baridi huukaza mguu kabla hajatoka nyumbani.

Kwa sababu hiyo, ikague busta kabla ya lolote. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedeli iwe ngumu, iendelee kuwa chini ya mguu, kisha washa injini: pedeli inapaswa kuzama kidogo yenyewe. Isipozama, tafuta bomba la mpira la utupu lililopasuka au busta iliyokufa. Na ile tabia ya kuweka fri na kuzima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta, ambayo ni mbaya kwa kila dereva, kwa mwenye mguu mbovu haifai kabisa, kwani baada ya kukanyaga mara chache utupu uliobaki unaisha na breki inabaki kuwa kazi ya misuli peke yake.

Kiti, kisha klachi

Weka kiti mahali ambapo klachi ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, goti linabaki limekunjwa kidogo. Kama goti halikunji vya kutosha, kiti kiende nyuma na kipandishwe kwa mto mgumu, si godoro laini linalobonyea katikati ya mteremko. Kama reli za kiti hazifiki, zinaweza kusogezwa kwa bamba la chuma lililofungwa kwenye matundu yale yale ya asili, kwa bolti zenye alama ya 8.8 au zaidi, kwa kuwa bolti hizo ndizo zinazomshika dereva gari linapogonga. Mwenye mguu uliofupika hushawishika kusogea mbele badala ya nyuma. Gari likiwa na mfuko wa hewa kwenye usukani, kifua kisiwe karibu na katikati ya usukani kwa chini ya sentimita 25, na hapo ndipo nyongeza ya pedeli inapokuwa na maana kweli: inaileta pedeli kwa mguu badala ya kumpeleka mtu kwenye usukani.

Klachi nayo ichunguzwe kabla ya kulaumiwa mguu. Ile pikapu ya Isyonje ilikuwa na klachi nzito kuliko inavyostahili, na mwenyewe aliamini ni mguu wake. Tulipoifungua tukakuta klachi pleti imekwisha, na klachi pleti inapokwisha, vidole vya springi ya presha pleti, ile inayoibana klachi pleti, hubadili mkao wake na pedeli huzidi kuwa nzito. Uma wa klachi, unaoisukuma beringi ya klachi pedeli inapokanyagwa, ulikuwa mkavu kama kuni. Klachi pleti mpya, grisi kwenye uma na kwenye bushi za pedeli, na kazi ya mguu ikapungua kiasi kwamba alicheka. Kwenye magari yanayotumia kebo, kebo iliyoanza kuchanika nyuzi ndani ya ganda lake hufanya vivyo hivyo, na haipakwi mafuta bali hubadilishwa. Kwenye yale yanayotumia mafuta ya klachi, upepo ukiingia ndani ya bomba pedeli hulegea na kukata karibu na sakafu, na hapo dereva mwenye kifundo kigumu hulazimika kuusukuma mguu mpaka mahali ambapo haufiki. Toa upepo, jaza mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, na upime tena.

Wenye Land Cruiser za dizeli wakumbuke kwamba baadhi yake zimekuja kutoka kiwandani na busta ya klachi inayofanana na ile ya breki. Imewahi kuletwa kwangu moja ambayo bomba lake la utupu lilikuwa limechomolewa na kuzibwa kwa bolti na fundi wa zamani, na mwenye gari alikuwa tayari anatafuta mnunuzi.

Kutengeneza nyongeza ya klachi

Ikiwa baada ya hayo yote mguu bado haufiki, au unafika kwa pembe mbaya, ndipo tunatengeneza nyongeza. Kanuni yangu ya kwanza ni kwamba mkono wa pedeli haukatwi, haukunjwi kwa moto, wala hauchomelewi. Joto la kuchomelea hubadili chuma pale pale panapobeba mzigo, na ufa wake hauonekani hadi siku unapokatika. Nyongeza inabanwa kwenye uso wa pedeli na inaweza kuondolewa bila kuacha alama.

Ondoa mpira wa pedeli. Kata mabamba mawili ya aluminiamu yenye unene wa milimita 6, yaliyo mapana kuliko uso wa pedeli kwa sentimita moja na nusu kila upande wa juu na wa chini. Bamba moja linakaa nyuma ya uso wa pedeli, likiwa limechongwa nafasi ya kupitisha mkono wake, na jingine linakaa mbele, uso wa pedeli ukiwa katikati kama nyama ndani ya chapati. Bolti nne za milimita 6 zinapita nje ya kingo za pedeli na kuyabana mabamba hayo pamoja, kila moja ikiwa na washa na loknati, ile nati yenye plastiki ndani ambayo haifunguki kwa mtikisiko. Juu ya bamba la mbele ndipo panapokaa kimo chenyewe, ambacho kinaweza kuwa kipande cha mti mgumu kama mninga kilichopitishwa bolti hadi ndani, au bamba la tatu lililoinuliwa kwa vipande vya bomba la aluminiamu. Mwisho funika kwa mpira wenye mifereji, kwa sababu buti la mtu anayetoka shambani Rungwe lina tope karibu mwaka mzima.

Kimo kisizidi sentimita 10, nami hupendelea kubaki chini ya 7. Kadiri kinavyoongezeka ndivyo mguu unavyoisokota pedeli pembeni badala ya kuisukuma, na bushi zake zinaanza kulegea. Kwa mwenye mguu wa bandia au unyayo usiohisi, inua ukingo wa kulia wa nyongeza kwa sentimita mbili ili mguu usiteleze kwenda chini ya breki. Mguu usifungwe kwenye pedeli kwa mkanda wa aina yoyote.

Uzito ni jambo ambalo nilijifunza kwa hasara yangu. Nyongeza yangu ya kwanza kabisa niliitengeneza kwa chuma, nikajivunia uimara wake, na baada ya mwezi gari likarudi beringi ya klachi ikipiga kelele. Chuma kile kilikuwa kizito kiasi cha kuishusha pedeli kidogo muda wote, na beringi ilikuwa ikisagana bila kupumzika. Siku hizi nikimaliza kufunga naisukuma pedeli kwa kidole kimoja: lazima kuwe na mchezo mdogo mwanzoni kabla ya kuhisi uzito, kama kitabu cha gari kinavyotaka, na nikiiachia irudi juu kabisa yenyewe. Isiporudi, nyongeza ipunguzwe uzito.

Breki na mafuta

Breki inapata nyongeza ya namna hiyo hiyo, lakini kwa ukali zaidi. Baada ya kuifunga, mtu mzito na mwenye nguvu akae kwenye kiti na kuikanyaga kwa uwezo wake wote, gari likiwa limesimama na injini ikiunguruma, mara ishirini. Kitu chochote kikisogea hata kwa unene wa ukucha, kazi irudiwe. Kisha mwombe mtu asimame nyuma ya gari aangalie taa za breki. Swichi yake iko juu ya pedeli, na nyongeza nzito huishusha pedeli ya kutosha kuziwasha taa muda wote, hivyo anayekufuata hatajua lini unasimama kweli.

Kumbuka kwamba ukiinua breki au mafuta, unabadilisha uhusiano wa pedeli hizo mbili. Kiwandani breki huwekwa juu zaidi ya mafuta ili mguu unaoikanyaga usiyaguse mafuta kwa bahati mbaya, na tofauti hiyo ibaki kama ilivyokuwa. Mwenye kifundo cha kulia kigumu, ambaye hawezi kugeuza unyayo huku kisigino kikiwa chini, mara nyingi husaidiwa zaidi na jukwaa la ubao lililofungwa sakafuni chini ya kisigino kuliko na kugusa pedeli. Springi inayoyarudisha mafuta isilegezwe kamwe, hata kama mguu unachoka, na kama gari lina pedeli ya mafuta ya umeme, waya zake ziachwe. Mkeka wa upande wa dereva uondolewe. Sijawahi kuona mkeka ukikubaliana na nyongeza ya pedeli.

Kuhusu klachi ya mkono

Naulizwa mara kwa mara kama klachi inaweza kuvutwa kwa mkono, kwa mkono wa klachi ya pikipiki uliofungwa kwenye usukani. Hesabu inakataa. Klachi inayotaka kilo 10 kwenye mguu kwa mwendo wa sentimita 13 inadai kazi ambayo vidole, vyenye mwendo wa sentimita 6 hivi, vitaifanya kwa zaidi ya kilo 20 kila gia inapobadilishwa. Ukitengeneza wenzo (mtaimbo wa kuvuta) mrefu kando ya kiti, nguvu inapatikana, lakini kwa kuwa usukani wetu uko kulia, mkono wa kushoto uko kwenye gia na wa kulia utakuwa kwenye wenzo, na hakuna wa tatu wa kushika usukani. Ipo mitambo ya kweli ya kazi hiyo, inayoikanyaga klachi kwa nguvu ya utupu au ya umeme pale dereva anapobonyeza swichi kwenye kirungu cha gia, ila kwa bei yake ni vigumu kumshauri mtu asiliuze gari na kununua la otomatiki, ambayo yamejaa miongoni mwa magari yaliyotumika yanayotoka Japani.

Majaribio na karatasi

Jaribu kwanza uwanjani, pasipo na watu, ukisimama kutoka mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kisha 30, kisha 40, mtu mwingine akipaza sauti ghafla bila kukuandaa. Baadaye tafuta mpando mfupi na ujizoeze kuondoka kwa breki ya mkono, ambayo lazima iwe imekazwa vizuri, kwani kwa dereva wa namna hii ni msaidizi wa kila siku. Mteremko mrefu uache mwisho, na unaposhuka Kitonga au Iwambi ingiza gia ndogo mapema, injini ibebe kazi na mguu ubaki na nguvu ya dharura. Kwenye foleni za malori za barabara ya Tunduma, kila gari linaposimama toa gia, uachie klachi na uupumzishe mguu sakafuni.

Kabla ya kuingia barabara kuu, peleka gari likakaguliwe na mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani, na uiarifu kampuni ya bima kwa maandishi kuhusu mabadiliko uliyofanya, ukibaki na nakala iliyogongwa muhuri. Barua ya daktari inayosema unaweza kuendesha ikae ndani ya gari pamoja na leseni.

Nati zikazwe tena baada ya kilomita 100 za kwanza, kisha baada ya 500, kisha kila unapobadilisha oili. Na yeyote mwingine atakayeazima gari, hata kama ni mwanao kwa safari ya kwenda sokoni Mwanjelwa na kurudi, aonyeshwe pedeli kabla ya kupewa ufunguo, au nyongeza iondolewe na kuwekwa sandukuni pamoja na spana yake ya namba 10.